Leso Tano za Sandukuni

Ikiwa una mimba, na mara ya mwisho ulipojifungua damu ilikutoka mpaka wakawa wanakuita jina nawe huitiki, basi keti, weka miguu juu ya kigoda, tuongee. Mimi ni fundi cherehani. Nashona na kupinda leso, yaani kanga, pale sokoni Gede. Udaktari sikuusomea, wala sitakueleza ya kidaktari, kwa sababu nitakosea na Sista Dama wa kliniki atayasoma haya anicheke. Nitasema niliyopitia tu. Na ili usinisome roho ikiwa juu, mwisho wake nakwambia sasa hivi: niko hai, nimenenepa, na mwanangu wa pili ananitemea mate begani ninapoandika.

Wa kwanza, Zuhura, alizaliwa wakati wa masika, miaka minne iliyopita. Tulikuwa tukikaa Matsangoni kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi ni mtu wa stara, na stara kwake ni kazi ya kutwa kucha. Nguo ya ndani nyumbani kwake haianikwi kambani ikaonekana. Inaanikwa chini ya leso, na leso yenyewe inabanwa pande zote mbili upepo usije ukafunua. Mtu akipita njiani hawezi kujua kama nyumba ile ina wanawake wawili au ina vitambaa vya meza tu. Nilikuwa nikimtania, naye alikuwa akinijibu, "Cheka tu, Riziki. Yako yakianikwa uchi utanikumbuka."

Nilijifungulia katika zahanati ndogo ambayo siitaji jina, kwa maana hawakunikosea kitu. Muuguzi alikuwa mmoja, wazazi tulikuwa wawili. Mama mkwe alinisindikiza na doti tatu za leso, yaani leso sita, zote nimezipinda mwenyewe kwa uzi wa zambarau uliokuwa umenibakia kazini. Adhuhuri mtoto akatoka, akalia, akavishwa leso ya kwanza. Muuguzi akanikagua, akakimbilia chumba cha pili kwa mwenzangu, ambaye mtoto wake alikuwa ametanguliza miguu.

Mama mkwe akabaki nami. Nakumbuka mikono yake. Kila nilipohisi umaji wa moto chini yangu, yeye alikuwa ameshaninyanyua kiuno, ameshavuta leso iliyolowa na kutandika kavu, na ile ya kwanza ameikunja ikaingia kwenye ndoo yenye kifuniko. Muuguzi akichungulia mlangoni anakuta nimelala juu ya leso safi, nimefunikwa vizuri kama bibi harusi.

"Damu vipi, mama?"

"Ya kawaida tu, mwanangu. Wewe mshughulikie huyo mwenzake."

Nilimshukuru kimoyomoyo. Nikasema mkwe kama huyu dada zangu hawakubahatika kumpata.

Halafu masikio yakaanza kuvuma. Nikauliza mbona wamezima taa, na ilikuwa saa nane mchana, jua limetoka baada ya mvua. Nikamsikia mama mkwe akiita, "Riziki! Riziki!" kisha akaita tena kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyesahau kwamba kuna watu nje. Baada ya hapo nina vipande tu: dari ya gari la wagonjwa, mkono wa mtu unaonikanda tumbo kwa nguvu hata nikataka kumtukana, harufu ya spiriti.

Waliniongeza damu painti tatu. Moja ni ya mume wangu, Juma. Juma ni fundi wa mafriji, anabeba kompresa mgongoni kama mtoto, lakini alipoona sindano alianguka chali. Ikabidi wamlaze kitanda cha pili wampe maji ya sukari. Mpaka leo nikitaka kushinda mabishano namuuliza, "Ulianguka au hukuanguka?"

Wodini nilikaa siku saba. Maziwa yaligoma kutoka. Kitanda cha jirani alikuwa Esta, mke wa mvuvi wa Kuruwitu, mwenye maziwa ya kutosha wodi nzima, na siku ya pili alimchukua Zuhura bila hata kuniuliza mara mbili, akamnyonyesha upande mmoja na mwanawe upande mwingine. Kwetu hilo si jambo dogo. Zuhura ana ndugu wa kunyonya Kuruwitu, na wakikua hawawezi kuoana. Tunatembeleana kila Idi na kila Krismasi, na tunarudi na samaki.

Nilipotoka nilidhani nimemaliza. Wewe uliyepitia haya unajua kwamba ndiyo kwanza yanaanza. Nilikuwa nikitoka kitandani hadi mlangoni, moyo unadunda kana kwamba nimekimbia toka Gede hadi Watamu. Ulimi ulikuwa mweupe. Nywele zilitoka kwa kitana, nikawa nazikusanya na kuzificha Juma asizione. Na nilishikwa na uchu wa barafu. Si maji baridi, barafu yenyewe, ya kutafuna. Kwa mke wa fundi wa mafriji huo ni mtihani, maana kila friji iliyoletwa nyumbani kujaribiwa niliifungua kabla haijarudi kwa mwenyewe. Mteja mmoja alilalamika kwamba friji yake haigandishi. Juma akaikagua siku mbili hakuona kasoro, mpaka akanikuta jikoni, mashavu yamevimba.

"Kumbe kasoro ni wewe!" akasema, na tulicheka mpaka nikalazimika kuketi sakafuni, kwa kukosa pumzi. Kliniki wakaniambia barafu ile ilikuwa dalili ya damu kupungua. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikavinywa toka masika hadi korosho zilipoiva, na siku moja nikapita mbele ya friji nisiikumbuke.

Kilichokuwa hakiponi ni nyumba. Juma alisema hatutazaa tena. Hakulisema kwa ukali, alilisema huku akiosha mikono yenye grisi, mgongo amenipa: "Mmoja anatosha, Riziki. Mimi siwezi kukaa tena kwenye lile benchi la nje ya wodi." Na mama mkwe akanyamaza. Yule mtu wa kunijibu kila utani aliacha kunijibu. Alikuwa akinipikia uji wa pilipili manga, akinikanda kwa maji moto, akimlea Zuhura, yote hayo bila kunitazama usoni. Tulipohamia Gede karibu na kazi, hakutuzuia. Nilidhani amechukizwa. Nilidhani alitaka mjukuu wa kiume, au aliona aibu kupata mkaza mwana dhaifu, anayezaa mara moja tu na kumaliza damu ya hospitali nzima. Iliniuma, sitaficha. Nilikuwa nampenda.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka jana, kusi lilipokuwa likipuliza vumbi la barabarani mpaka ndani ya cherehani, nikatapika asubuhi tatu mfululizo. Hatukuwa tumepanga. Nilimwambia Juma jioni, akiwa ameshika bisibisi. Aliiweka chini polepole, akaketi juu ya friji iliyolazwa.

"Umefurahi?" akaniuliza.

Nikasema, "Nimefurahi na nimeogopa."

"Mimi nimeogopa tu," akasema. "Furaha nitaitafuta."

Kliniki ya wajawazito niliyoanza kwenda ina baraza refu lenye mabenchi ya saruji, na feni moja inayozunguka ikikumbuka. Hapo ndipo nilipomkuta Sista Dama, Mgiriama wa Ganze, mfupi, mwenye sauti ya kuuza samaki. Alisoma karatasi zangu za mara ya kwanza, akazisoma tena.

"Hapa wameandika damu nyingi. Nyingi kiasi gani?"

"Sijui, sista. Mimi nilikuwa nimelala."

"Nani anajua?"

Nikasema labda mama mkwe. Sista akaniambia nimuulize, kwa sababu aliyewahi kutokwa na damu namna ile anaweza kutokwa tena, na wao wanataka kujipanga mapema. Ijumaa ile tukaenda Matsangoni kula chakula cha mchana. Nikauliza wakati tunachambua mchele. Mama mkwe hakuinua macho.

"Mambo ya Mungu hayapimwi," akasema. Akainuka akaenda kuwatupia kuku chenga, na kuku walikuwa wameshakula.

Vuli ilipoanza, damu yangu ikawa imeshuka tena. Safari hii hawakunipa vidonge peke yake. Nilitundikiwa dripu ya madini ya chuma, ya rangi ya chai isiyo na maziwa, nikalala nayo huku mvua ikipiga bati. Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa akinisomea majina ya watoto kutoka kwenye simu yake, yote ya kifahari, mimi nikiyakataa moja moja. Baada ya wiki kadhaa Juma akasema midomo yangu imerudi. Nikamwuliza ilikuwa wapi. Akasema hajui, lakini ameikumbuka sana.

Siku hizo hizo akaja dada mmoja mwenye fomu. Akaeleza kwamba hospitali tutakayozalia imo kwenye utafiti: chini ya mzazi itatandikwa plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari, ili damu ionekane ni kiasi gani, na ikifika mstari fulani wauguzi watoe matibabu yote kwa pamoja, wasingoje moja lishindwe ndiyo wajaribu jingine.

"Yaani mnataka kunijaribia mimi?" nikamwuliza.

"La, mama. Plastiki imeshajaribiwa kwingine na imeonekana inaokoa. Tunachotazama ni kama wauguzi wa hapa kwetu wataizoea, na nyinyi mtaionaje. Usipotaka kuhojiwa, utahudumiwa vile vile."

Niliomba nikafikirie. Nilikuwa na miezi sita. Usiponielewa hapo hutanielewa kabisa: nilikuwa na binti wa miaka mitatu na nusu aliyekuwa akijifunza kufunga vifungo, na sikutaka afundishwe na mtu mwingine.

Mkutano uliofuata wa kliniki, walituomba tuje na mtu atakayekuwa ubavuni mwetu tukizaa. Juma alisema atakuja, nikamkumbusha habari ya sindano. Nikampigia mama mkwe, nikijua atakataa. Akasema, "Nitakuja." Akaja na buibui lake la safari, akaketi benchi la mbele pembeni yangu, mkoba mapajani.

Sista Dama akaweka meza katikati ya baraza. Juu ya meza akaweka leso moja kuukuu, na jagi la sharubati nyekundu.

"Kina mama na bibi zetu, shikamooni! Leo tunacheza. Hii leso, nikiilaza hivi, itameza sharubati kiasi gani kabla haijachuruzika? Kisieni!"

"Nusu kikombe!" akasema mmoja.

"Kikombe, ikizidi sana!" akasema mwingine, na watu wakacheka. Sista akamtazama mama mkwe, kwa kuwa ndiye mkubwa wa benchi la mbele.

"Mama, wewe je?"

"Kikombe," mama mkwe akajibu taratibu.

Sista akaikunja leso mara nne, akamimina. Kikombe cha kwanza kikaingia, leso ikabadilika rangi tu. Cha pili kikaingia. Meza ilikuwa kavu. Akaikunja tena kwa ustadi, akaifunika upande mkavu ukiwa juu, na ukiitazama hungejua kama ina kitu. Kisha akaikamua ndani ya jagi jingine tupu mbele yetu. Sharubati ilipanda mpaka watu wakaacha kucheka.

"Jicho letu linatudanganya," akasema. "Hata langu mimi, na hii ni kazi yangu. Leso tatu za namna hii zikifichwa kwenye ndoo, mimi nikija naona kitanda kisafi, nasema mzazi yuko salama. Kumbe mzazi yumo kwenye ndoo."

Nilisikia mkoba ukianguka. Mama mkwe alikuwa amesimama. Alipita katikati ya mabenchi, akatoka nje hadi kwenye bomba la maji, akasimama pale ameshika ukuta. Nikamfuata na tumbo langu.

"Zilikuwa tano," akasema. Hakugeuka. "Leso tano, Riziki. Nilizikunja moja moja. Sikutaka mtu akuone vile. Yule msichana aliniuliza damu vipi, nikamwambia ya kawaida. Mimi ndiye niliyemwambia."

Basi miaka mitatu na nusu yote ikanijia kwa mpigo, ule uji wa pilipili manga, yale macho yasiyonitazama. Sitasema sikukasirika. Nilikasirika muda wa kama kunawa uso, maana ndicho nilichokifanya, nilifungua bomba nikanawa. Nilipomaliza, nilimwona mwanamke wa miaka sitini na ushei anayelia bila kujifunika uso, hadharani, kliniki nzima ikimtazama, yeye ambaye haaniki hata soksi. Nikamkumbatia, tumbo likiwa katikati yetu. Mtoto akapiga teke.

"Huyo amenipiga," akasema mama mkwe huku akilia.

"Ana haki," nikasema.

Akacheka. Wallahi alicheka, na sauti ile ya zamani ikarudi. Tukarudi ndani, nami nikaiomba ile fomu, nikatia sahihi. Mama mkwe akamwambia Sista Dama mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba zilikuwa tano, na mbili za mwisho zilikuwa zikichuruzika. Sista akaandika. Hakumlaumu. Alisema tu, "Ahsante mama, sasa najua nijiandae na nini," akatuagiza nisizalie mahali padogo, nikazalie hospitali kubwa, ile ile ya utafiti, ambako siku hizo alikuwa na zamu, na damu ya kundi langu itafutwe mapema.

Wiki iliyofuata mama mkwe alikuja Gede na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na leso tano, zimefuliwa, zimefukizwa udi, zimekunjwa. Niliujua uzi wangu wa zambarau kabla sijazifungua. Alikuwa amezifungia sandukuni muda wote ule, hakuzivaa, hakuzitupa.

"Zifanye utakavyo," akasema. "Zichome ukitaka. Mimi nimechoka kulala nazo chumba kimoja."

Nikaziweka juu ya kabati, kwa sababu sikujua la kuzifanya.

Kuanzia hapo akahamia kwetu, na nyumba ikarudi kuwa na makelele. Ramadhani ilipofika, yeye na Juma walifunga, mimi nikawekewa ulinzi. Saa sita mchana anakuja sokoni na bakuli limefunikwa, anasimama mbele ya cherehani.

"Kula. Wewe hukuandikiwa mwaka huu."

"Mama, watu wanafunga, nitakula mbele yao?"

"Ingia chini ya meza ule. Stara iko hata huko."

Nilikula Ramadhani nzima chini ya meza ya cherehani, maharage ya nazi, mchicha, maini, nikisikia wateja juu yangu wakimuuliza mama mkwe fundi kaenda wapi, naye akiwajibu bila kupepesa kwamba nimeenda kutafuta vifungo.

Siku chache baada ya Idi, joto la kaskazi likiwa halijataka kuondoka, uchungu ulinishika asubuhi nikipiga pasi. Juma alituendesha kwa gari la kuazima, friji ya mteja ikiwa bado nyuma. Nilipofika chumba cha kuzalia nilishika mlango nikasimama, si kwa uchungu. Ilikuwa ile harufu ya spiriti. Nikamwambia Sista Dama, "Naogopa." Akasema, "Ogopa tu, haidhuru. Sukuma huku unaogopa." Mama mkwe alikuwa ubavuni na doti tatu mpya, nimezipinda mwenyewe, safari hii kwa uzi wa kijani.

Saa nne na nusu akatoka mvulana, Faraji, akalia kwa hasira. Akavishwa leso ya kwanza. Sista akanidunga sindano, kondo la nyuma likatoka, akaitandika ile plastiki chini yangu. Plastiki yenyewe inaonyesha ndani, mfuko wake unaning'inia ukingoni mwa kitanda, una mstari wa njano na juu yake mstari mwekundu.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "mimi nitakuwa napita kukagua, lakini nikimshika mtoto, macho yako yako hapa. Usiguse kitu. Tazama tu."

Mama mkwe akavuta kigoda. Niliuona mkono wake wa kulia ukienda wenyewe kwenye zile leso tano zilizobaki, kidole kimeshaanza kuikunjua moja. Miaka sitini ya mazoea. Akaushika mkono ule kwa mkono wa kushoto. Kisha akafanya jambo ambalo nitalisimulia mpaka kwenye harusi ya Faraji: akazichukua leso zote tano, akaziweka juu ya kigoda, akazikalia.

Nikahisi ule umaji wa moto. Nilikuwa nauogopa kwa miezi tisa, na nikaujua. Sikuthubutu kumtazama. Dakika ngapi zilipita sijui. Sista alikuwa mezani anampima Faraji, na mwenzake alikuwa akiandika.

"Sista!" mama mkwe akapaza sauti, na naamini hata Juma aliisikia kule kwenye benchi lake. "Sista, damu yapanda! Ishavuka njano! Yaenda kwa nyekundu, njooni, damu ya mwanangu hiyo, njooni muione!"

Waliruka wote. Mmoja alinikanda kizazi, mmoja alikuwa ameshaweka dripu, sindano ikaja na nyingine nyuma yake, mkono mwingine ukanikagua ndani mpaka nikatoa maneno ambayo mama mkwe hakuwahi kuyasikia kwangu. Hawakungoja, hawakuulizana. Mama mkwe alikuwa akisoma mfuko kwa sauti, anautangaza kama mtangazaji wa mpira: "Bado... bado... imekaa... imekaa hapo hapo." Akarudia "imekaa" mara nyingi. Masikio yangu hayakuvuma. Taa hazikuzimika. Faraji walikuwa wameshanirudishia kifuani, na nilikuwa nikiona kila kitu, mpaka buibui aliyekuwa kwenye pembe ya dari.

"Imesimama," Sista Dama akasema. Painti zangu za damu zilizotafutwa zilibaki kwenye friji ya hospitali, wakapewa wengine. Juma alipoingia alinitazama midomo kwanza, ndipo akamtazama mtoto. Hakuanguka. Alilia, lakini amesimama wima, na hilo nalihesabu.

Tulirudi nyumbani siku ya tatu. Mama mkwe aliponisaidia kushusha vitu, akazitoa zile leso tano za uzi wa kijani, zimejikunja kwa kukaliwa, kavu. Akazianika kambani hivi hivi, wazi, hazikuwa zimelowa hata tone. Nikamwuliza unaanika nini na si mbichi. Akasema, "Nazitazama tu."

Baada ya arubaini, masika yakiwa yameanza, tulimpeleka Faraji chanjo. Sista Dama alikuwa ameweka meza yake barazani, jagi la sharubati liko tayari. Mama mkwe akamwendea, akafungua mkoba, akatoa zile leso tano za uzi wa zambarau, za sandukuni. Tulikuwa tumeshaliongea nyumbani. Akasema, "Mwanangu, leo nipishe mimi nimimine."

Nilikaa benchi la nyuma. Alimimina vikombe vyake viwili kwenye leso ya kwanza, akaikunja, upande mkavu juu, kwa mikono ile ile. Akazitandaza nyingine nne mezani. Akawaambia wazi alichokifanya siku ile, ndoo, kifuniko, na jibu alilompa muuguzi. Msichana mmoja wa benchi la mbele, tumbo lake la kwanza, aliinua mkono nusu nusu.

"Samahani bibi, shikamoo. Huyo aliyezilalia hizo leso... alikufa?"

"Afe?" mama mkwe akasema. "Yule pale nyuma, atafuna mahamri yangu."

Wakageuka wote. Mdomo wangu ulikuwa umejaa, kweli, sikuweza kusema neno. Nikamwinua Faraji juu, wamwone.